Planetes, Space Brothers au Twin Spica: uanze na ipi?

Waulize wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, wakutajie hadithi ya anga isiyo na maroboti ya kivita wala majeshi ya sayari nyingine, na majina matatu hayatakosekana: Planetes, Space Brothers na Twin Spica. Zote zilianza kama manga, yaani vitabu vya hadithi za picha vya Kijapani, kabla ya kuingia kwenye televisheni. Zote zinamhusu mtu wa kawaida mwenye ndoto ya kufika huko juu. Na zote zimewekwa katika miaka ya karibu: Twin Spica mwaka 2024, Space Brothers 2025, Planetes 2075. Miaka miwili ya kwanza tumeshaiona ikipita, kwa hiyo mtazamaji wa leo anapata burudani ya ziada ya kupima waandishi walipatia wapi na walikosea wapi.

Kufanana huko ndiko kunakowapoteza watu. Mtu anaambiwa "anza na hii, ni kali", anaanza, anachoka kwenye sehemu ya nne, anaamua kwamba anime za anga si zake. Mara nyingi anime haina kosa, na yeye hana kosa. Ndoto inayosimuliwa mle tu haikuwa ya aina yake. Kwa mtazamo wangu hizi tatu hazipishani sana kwenye roketi. Zinapishana kwenye swali moja: mtu akiifuata ndoto yake hadi angani, gharama analipa nani?

Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano. La kwanza, ambalo nitakaa nalo muda mrefu kuliko mengine, ni ndoto yenyewe: ni ya nani, imetoka wapi, na inamgharimu nani. La pili ni anga: je, mambo wanayofanya wahusika yanafanana na yanayofanyika kweli? La tatu ni mwendo na urefu, maana wengi wetu tunatazama kwa bando la kununua na kwa saa tulizoziiba kwenye usingizi. La nne ni mwisho, kama hadithi inafungwa au inakatika njiani. La tano ni nani anayeweza kukaa nawe sebuleni mkitazama.

Uchoraji na muziki sikuvipa kigezo. Planetes imechorwa kwa undani wa mashine hadi skrubu ya mwisho, Twin Spica ina sura laini za kitabu cha watoto, Space Brothers imechorwa kikawaida tu. Hayo utayaamua mwenyewe ndani ya dakika kumi.

Nitajitahidi nisikuharibie uhondo. Ninayoyataja mengi yanatokea mapema, na palipo na siri nimezikwepa.

Tatu zenyewe kwa kifupi

Planetes ilitengenezwa na studio ya Sunrise chini ya mwongozaji Goro Taniguchi, kutokana na manga ya Makoto Yukimura. Ina sehemu 26, zilizorushwa kuanzia Oktoba 2003 hadi Aprili 2004. Inawahusu wafanyakazi wa kampuni kubwa ya Technora ambao kazi yao ni kuzoa taka zinazoizunguka dunia: vipande vya setilaiti, skrubu, matangi yaliyotupwa. Idara yao imebanwa kibajeti mpaka wenzao wanaiita nusu idara. Ai Tanabe anaingia hapo akiwa mgeni mwenye moto wa mwanagenzi, na anapangwa na Hachirota Hoshino, anayeitwa Hachimaki, kijana mwenye kisirani anayetaka siku moja amiliki chombo chake mwenyewe cha angani.

Space Brothers ni kazi ya studio ya A-1 Pictures na mwongozaji Ayumu Watanabe, kutokana na manga ya Chuya Koyama. Ina sehemu 99, kuanzia Aprili 2012 hadi Machi 2014. Mutta na mdogo wake Hibito waliona kitu cha ajabu angani usiku mmoja wa mwaka 2006 wakiwa watoto. Mdogo akasema ataenda Mwezini. Mkubwa, asikubali kupitwa, akasema basi yeye ataenda Mirihi. Miaka 19 baadaye mdogo ni mwanaanga anayesubiri safari ya Mwezini, na mkubwa ni mhandisi wa magari aliyefukuzwa kazi kwa kumpiga bosi wake kichwa.

Twin Spica imetokana na manga ya Kou Yaginuma, ikaongozwa na Tomomi Mochizuki. Ina sehemu 20, kuanzia Novemba 2003 hadi Machi 2004. Katika hadithi hii, mwaka 2010 roketi ya Japani yenye watu ndani, iliyoitwa Simba, ilianguka juu ya mji wa pwani na kuua watu wengi. Asumi alikuwa mtoto mchanga. Mama yake aliungua, akalala bila fahamu, na hakuamka tena. Sasa Asumi, msichana mfupi kuliko wenzake wote, anataka kuingia shule ya wanaanga jijini Tokyo. Mshauri wake mkuu ni mzimu aliyevaa kichwa cha simba, anayepiga kinanda cha mdomo.

Kabla ya kuendelea, angalia tarehe. Planetes na Twin Spica zilirushwa katika kipindi kibaya kwa anga. Februari 2003 chombo cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirudi duniani na watu saba wakafa. Oktoba mosi mwaka huohuo Japani iliunganisha taasisi zake za anga kuwa JAXA, na Novemba 29 roketi yake ya H-IIA namba 6 ikalazimika kulipuliwa ikiwa njiani baada ya kifaa kimoja cha kuisukuma kushindwa kujitenga. Watu walikuwa wakitazama Twin Spica, hadithi ya roketi iliyoanguka, wiki hizohizo. Manga zote mbili zilianza kabla ya hapo, kwa hiyo siwezi kusema zilitabiri wala kuiga. Ila huzuni iliyomo ndani yake ilikuta nyumba iko tayari. Space Brothers ilikuja baada ya Juni 2010, chombo cha Japani cha Hayabusa kiliporudi na vumbi la asteroidi na Wajapani wakashangilia chombo hicho kama mwanao aliyerudi vitani. Tofauti ya hali ya hewa unaihisi tangu wimbo wa ufunguzi.

Ndoto ni ya nani, na bili inakwenda kwa nani

Space Brothers inasimulia ndoto iliyochelewa. Mutta ana umri wa miaka 32, hana kazi, amerudi kuishi kwa wazazi, na mdogo wake anaonekana kwenye televisheni. Yeyote aliyezaliwa wa kwanza katika familia yenye matarajio atalijua tumbo lile linavyokaza. Mutta ana imani ya kitoto kwamba mkubwa lazima awe mbele ya mdogo, na maisha yamemkatalia. Kinachomrudisha barabarani ni wengine: mdogo wake anasukuma jambo kwa mbali, mama anatuma maombi JAXA bila kumwambia, na yeye anashtukia barua ya kufaulu hatua ya kwanza.

Hapo ndipo penye roho ya anime hii. Ndoto ya Mutta inabebwa na umati. Yupo Sharon, mama mtaalamu wa nyota aliyewafundisha ndugu hao tangu wadogo. Yupo Serika, anayetaka kufanya utafiti angani kwa sababu ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli ulimuua baba yake. Wapo washindani ambao, badala ya kumkanyaga, wanamsogeza mbele. Gharama inagawanywa, kama mchango wa harusi, na hakuna anayebaki na deni lote. Wanaoikosoa wanasema ni tamu kupita kiasi, kwamba duniani watu hawasaidiani hivyo. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Lakini anime hii haifichi kwamba mwili unaweza kukataa wakati moyo unataka, na Hibito, aliyeonekana kuwa hana kasoro, ndiye anayelipa sehemu hiyo ya bili.

Planetes inasimulia ndoto inayoanza kumla mwenyewe. Hachimaki hachukii kazi yake. Anachukia kuwa mtu mdogo. Meli kubwa ya kwenda Mshtarii inapotangazwa na kutafuta wafanyakazi, anaanza kujivua kila kitu kinachomzuia: marafiki, mapenzi, kicheko. Tanabe, ambaye anaamini kwamba mtu hafiki popote peke yake, anagombana naye kuhusu jambo hilo karibu mfululizo mzima. Mwanzoni Tanabe atakuudhi, nakutahadharisha. Anapiga kelele, analia, anahubiri upendo mahali pa kazi. Mvumilie, kwa sababu baadaye utagundua kwamba hadithi ilimhitaji awe hivyo.

Kisha Planetes inafanya jambo ambalo nyingine mbili hazifanyi: inauliza bili ya ndoto ya nchi tajiri inamfikia nani. Ipo sehemu ambamo mhandisi kutoka nchi maskini ya kubuni, El Tanika, analeta suti ya anga iliyotengenezwa kwao, akiomba kampuni kubwa iijaribu na kuinunua. Wakaguzi wanamtazama mtu kabla ya kuitazama suti. Nimewaona watu wasiolia kirahisi wakinyamaza kwenye sehemu hiyo, na kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki inakata zaidi. Kenya ilirusha setilaiti yake ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018 kupitia mlango wa Kibo, maabara ya Japani iliyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na Taifa-1 mwaka 2023 kwa roketi ya kampuni ya Marekani. Tunajua maana ya kuwa na akili yako na kuazima ngazi ya jirani. Planetes inalijua jambo hilo pia, na inawapa hata magaidi wake hoja inayokukosesha usingizi: fedha zote hizo za Mshtarii zingewafanyia nini wasio na maji?

Twin Spica inasimulia ndoto iliyorithiwa pamoja na msiba. Baba wa Asumi alikuwa mmoja wa watu walioifanyia kazi roketi ile. Baada ya ajali alipewa kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa wafiwa, huku mke wake akiwa hospitali. Sasa anapiga vibarua vya ujenzi na kumlea binti peke yake. Binti huyo anamwambia anataka kupanda roketi. Hebu jiweke mahali pa mzee huyo.

Hapa hakuna mtu anayepiga kelele kuhusu ndoto. Asumi anakimbia mazoezi, anakula kidogo kwa sababu fedha hazitoshi, anakutana na mwalimu anayemchukia kwa sababu ya kinyongo alichonacho na baba yake. Wenzake darasani kila mmoja ana jeraha lake, na linafunuliwa taratibu. Bili ya ndoto ililipwa na wafu kabla mtoto hajajua kutembea, na swali linabaki: je, anastahili kuitumia risiti hiyo? Nyota ya Spica iliyotoa jina la anime ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku nne tu, zikiwa karibu mno kiasi kwamba kwa macho tunaona moja. Utaelewa mwenyewe mzimu na msichana wamepewa jina hilo kwa nini.

Anga yenyewe

Kwenye taka za angani, Planetes inasimama peke yake. Inafungua kwa ajali: ndege ya abiria inayopita nje ya angahewa inagongwa na skrubu moja. Si chumvi. Kwenye mizingo ya karibu na dunia vitu hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hata kipande cha rangi kinachimba kioo. Mwaka 1978 wanasayansi wawili wa NASA, Donald Kessler na Burton Cour-Palais, walionya kwamba migongano inaweza kuzaa vipande vinavyozaa migongano mingine mpaka mizingo isipitike. Planetes ilikamilika kurushwa mwaka 2004. Miaka mitano baadaye, Februari 2009, setilaiti mbili nzima, Iridium 33 ya Marekani na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokuwa imeshakufa, ziligongana na kutawanya maelfu ya vipande.

Na tusidhani ni habari za wengine. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa kama mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Ukitazama Planetes baada ya hapo, kazi ya Hachimaki inaacha kuwa kichekesho.

Pia Planetes haioni haya kuonyesha uchafu wa kazi yenyewe: nepi za wanaanga, wosia unaoandikwa kabla ya kazi, maofisa wa bima, nahodha Fee anayehangaika kupata mahali pa kuvuta sigara. Nono, msichana aliyezaliwa Mwezini, ana miaka 12 na urefu wa mtu mzima kwa sababu ya uvutano mdogo, na dunia hawezi kuishi. Fizikia hapo si pambo. Ndiyo inayoamua maisha ya mtu.

Space Brothers ina uhalisia wa aina nyingine, wa ofisi na mitihani. Mtihani wa Mutta wa kufungiwa kwenye chumba kwa wiki mbili na wenzake wanne, huku wakitakiwa wachague wenyewe wa kusonga mbele, umejengwa juu ya jambo halisi. JAXA ina jengo la kufungia watahiniwa huko Tsukuba, na kwenye mchujo uliomalizika mwaka 2009 watahiniwa kumi wa mwisho walikaa humo wiki moja, na miongoni mwa waliyopewa ni kukunja korongo wa karatasi, ili watazamwe mikono na hasira zao zinavyokwenda. Waliokuwa wameomba walikuwa 963. Kwenye mchujo uliofuata waliomba 4,127, na Februari 2023 wakatangazwa wawili tu: Ayu Yoneda, daktari wa upasuaji, na Makoto Suwa, aliyekuwa akifanya kazi Benki ya Dunia na mwenye umri wa miaka 46. Anayecheka kwamba Mutta wa miaka 32 amechelewa, na amtazame Suwa. Jambo jingine la kufurahisha: mwanaanga wa kweli, Akihiko Hoshide, aliweka sauti yake kwenye anime hii akiwa juu kabisa, ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Ilipokosea ni kalenda. Mwaka 2025 umepita na hakuna Mjapani aliyekanyaga Mwezi. Hilo halipunguzi chochote, ila litakuchekesha.

Twin Spica ndiyo yenye sayansi kidogo kuliko zote, na haijifichi: ina mzimu. Lakini pale inapogusa mafunzo inagusa kwa makini. Kwenye mtihani wa kuingia, Asumi na wasichana wengine wawili wanafungiwa chumbani na kupangishwa domino, kazi inayochosha akili kuliko misuli. Kisha linakuja suala la suti. Asumi ni mfupi mno, suti yake lazima ishonwe maalumu, na kuna wanaoona gharama hiyo ni sababu tosha ya kumfungia mlango. Wengi waliona huo ni utunzi wa kuliza watu. Machi 2019 NASA iliahirisha matembezi ya kwanza ya wanawake wawili nje ya kituo kwa sababu hapakuwa na suti mbili za saizi ya kati zilizo tayari, na wakaja kufanya Oktoba. Hadithi ya watoto ilikuwa imeliona tatizo miaka 15 na ushei mapema.

Mwendo, urefu na bando

Hesabu ni rahisi. Kila sehemu ni kama dakika 24. Twin Spica ni saa nane, Planetes saa kumi na kidogo, Space Brothers karibu saa 40.

Saa 40 hizo hazina mwendo sawa. Space Brothers ilikuwa ikirushwa kila wiki huku manga bado inaandikwa, kwa hiyo inarudia sana yaliyopita mwanzoni mwa sehemu na kunyoosha matukio yasiishe haraka. Ukitazama sehemu moja kwa siku hutaona tatizo. Ukikaa nayo Jumamosi nzima utaanza kuruka mbele, na hapo utazikosa zile kimya fupi za Mutta na nywele zake ambazo ndizo zinazochekesha. Mwenye bando dogo aipakue kidogo kidogo.

Planetes inadanganya mwanzoni. Sehemu kama nane za kwanza ni vichekesho vya ofisini, kila moja na kisa chake, na kuna mtu atasema "hii ndiyo mliyosifia?" Nusu ya pili inabadilika kabisa, na utaona kwamba visa vile vidogo vilikuwa vinapanga watu mahali pao. Asiyeweza kusubiri sehemu nane, afikirie mara mbili.

Twin Spica ni ya polepole tangu mwanzo hadi mwisho na haiahidi vinginevyo.

Mwisho wa kila moja

Planetes inafungwa. Manga yake ilikuwa inamalizika wakati huohuo, na waliotengeneza anime walibadilisha mambo mengi, mojawapo likiwa kumweka Tanabe tangu sehemu ya kwanza, ili kila uzi upate fundo. Ukimaliza sehemu ya 26 umemaliza.

Nyingine mbili zinakatika. Space Brothers ilisimama wakati manga ilikuwa bado inakimbia, na Mutta ana safari ndefu mbele yake. Twin Spica inaishia mapema zaidi: manga ina juzuu 16, na anime imechukua kipande cha mwanzo tu cha maisha ya shule. Si kwamba zinakuacha na hasira. Kila moja imetafuta mahali pazuri pa kupumzikia. Lakini ukiwa mtu anayelala vibaya hadithi ikikatwa, jua kwamba utalazimika kwenda kwenye manga.

Sebuleni

Space Brothers unaweza kutazama na mtu yeyote, bibi akiwemo. Yanayouma mle ni magonjwa na hofu, na yanaelezwa kwa adabu. Twin Spica inafaa kwa watoto kuanzia wa kama miaka kumi, ila ina vifo, na mtoto aliyefiwa karibuni asiachiwe peke yake nayo. Planetes ni ya watu wazima na vijana wakubwa: kuna mabomu, sigara, mizaha ya chooni, na maswali ambayo mtoto hatayaelewa na wewe hutaweza kuyajibu.

Uanze na ipi

Kama umeachishwa kazi, umemaliza chuo na hujapata pa kushika, au unaona wadogo zako wamekupita, anza na Space Brothers. Haitakuambia uongo kwamba kila mtu anafika. Kati ya mamia wanaoomba, unawaona wanaokatwa, na unawaona wanavyobeba habari hiyo nyumbani.

Kama tayari una kazi na unaanza kuichukia kwa sababu haifanani na ulichokiota, Planetes imeandikwa kwa ajili yako. Hivyo hivyo ukiwa mtu wa siasa na uchumi, unayeuliza roketi inamnufaisha nani. Ukiwa mhandisi au mwanafunzi wa sayansi, hapo ndipo pia, hata kama Tanabe atakupandisha presha wiki ya kwanza.

Kama unabeba msiba, au umelelewa na mzazi mmoja na unajua ukimya wa nyumba ya namna hiyo, nenda Twin Spica. Usiitazame kwenye daladala. Na ukiipenda, usikae kusubiri msimu wa pili; chukua manga.

Wanaotazama wawili, hasa mke na mume wanaobishana nani aache nini ili mwenzake aendelee, nawashauri Planetes kwa sababu ya ugomvi wa Hachimaki na Tanabe. Mtabishana vizuri. Familia nzima ikae na Space Brothers, sehemu moja baada ya chakula cha jioni, na itawachukua miezi.

Ukitaka kuzitazama zote, mpangilio ninaoupendekeza ni Twin Spica kwanza kwa kuwa ni fupi na inalainisha moyo, kisha Planetes iukwaruze, kisha Space Brothers uishi nayo taratibu. Anayeanza na Space Brothers akiwa na haraka mara nyingi hafiki kwenye nyingine mbili.

Na kama baada ya maelezo yote haya unaona hizi ni hadithi za kazi na mitihani, na wewe ulitaka tu watu wapotee angani na kutafuta njia ya kurudi, achana nazo kwa sasa. Tafuta Astra Lost in Space ya mwaka 2019, sehemu 12, wanafunzi waliokwama mbali na nyumbani na msaliti akiwa miongoni mwao. Unaimaliza kwa siku mbili.